Askari Hajiandikishi Peke Yake

Sanamu ya askari iliyo katikati ya Dar es Salaam imesimama pale tangu 1927, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na yanamwahidi aliyekufa kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa, la yeyote. Na anayeyasoma kwa makini hana budi kuuliza: nchi ipi? Mwaka 1914 hapakuwa na Tanganyika. Jina hilo Waingereza walilitoa 1920. Palikuwa na koloni la Mjerumani upande huu na makoloni ya Mwingereza upande ule. Myao wa Nyasa na Mnyamwezi wa Tabora waliolengana shabaha kule Mahiwa, Oktoba 1917, hawakuwa na taifa walilopigania.

Hata hivyo walijiandikisha. Wengine walijiandikisha mara mbili, na mara ya pili kwa adui wa bwana wao wa kwanza.

Kwa miaka mingi swali la kwa nini mtu aingie jeshini wakati wa vita, na kwa nini abaki akishaiona, limejibiwa kwa majibu mawili. La kwanza ni la viongozi: moyo wa uzalendo, utii, kiapo. La pili ni la vijiweni: njaa na mshahara. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanamtazama askari kama mtu mmoja aliyesimama peke yake mbele ya karani mwenye daftari. Historia ya askari wa Afrika Mashariki inaonyesha jambo jingine. Askari aliingia jeshini ili apate nyumba, yaani mke, watoto, mifugo, watu wa kumtumikia na heshima ya kuitwa mtu mbele za watu. Alibaki jeshini muda wote ambao nyumba hiyo ilikuwa salama zaidi ndani ya jeshi kuliko nje. Siku hesabu hiyo ilipogeuka, aliondoka, hata kama kiapo kilikuwa palepale.

Tuanze na mwisho wa vita, kwa sababu ndipo hadithi ilipopotoshwa. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alisalimisha kikosi chake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto. Askari wale walikuwa hawajaona mshahara kamili kwa muda mrefu. Walichokuwa nacho ni ahadi ya deni. Walikuwa wametoka Kilimanjaro na njia ya reli ya kati, wakashuka kusini, wakavuka Ruvuma Novemba 1917, wakazunguka Msumbiji karibu mwaka mzima, wakarudi kupitia Songea na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Kwa nini walikuwa bado wapo?

Wajerumani walijijibu wenyewe haraka: uaminifu. Simulizi ya askari mwaminifu ikawa bidhaa ya siasa. Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni kwa hoja kwamba haikufaa kutawala, na hapakuwa na ushahidi mtamu wa kuikana hoja hiyo kuliko Mwafrika aliyemfuata afisa wake hadi dakika ya mwisho. Mwaka 1939, kwenye kambi ya jeshi ya Hamburg iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, ziliwekwa sanamu za ukutani za askari na wapagazi wakimfuata kiongozi wao Mjerumani. Waliotoroka hawakuchongewa sanamu. Nao walikuwa wengi: jeshi hilo lilipofikia kilele chake lilikuwa na askari zaidi ya 10,000, na wale waliohesabiwa rasmi kuwa watoro wanapita 2,000, mbali na maelfu waliotekwa au kupotea bila habari.

Angalia pia walitoroka lini. Tabora ilianguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916. Kuanzia hapo kila hatua ya kurudi nyuma ilikuwa inamtoa Mnyamwezi na Msukuma mbali na kwao, mbali na mashamba na wazee wake, na watoro wakaongezeka. Lettow-Vorbeck mwenyewe alikiri katika kumbukumbu zake kwamba askari waliokuwa wanaziacha nchi zao nyuma walikuwa wazito kuendelea. Kama ni uaminifu kwa Kaisari, mbona ulikuwa na mipaka ya kijiografia?

Ili kulielewa hilo inafaa kurudi mwanzo, 1889. Hermann Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim katika mwambao wa Pangani na Bagamoyo, hakuandikisha watu wa mwambao. Alikwenda Cairo. Huko alikuta mamia ya Wasudani waliokuwa askari wa jeshi la Misri, sasa hawana kazi baada ya Sudani kuangukia mikononi mwa Mahdi na Waingereza kulipunguza jeshi hilo. Walikuwa mafundi wa vita waliokwama ugenini na familia zao. Waliposafiri kuja kwetu, wake na watoto walipanda meli pamoja nao. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza jeshi la Wajerumani lilikuwa kijiji kinachotembea. Vyeo vyenyewe vilikuja nao: ombasha, shaushi, efendi. Baadaye Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema walipojaza nafasi, waliingia katika desturi ileile. Kila boma lilikuwa na kijiji cha askari kando yake, kila askari na nyumba yake, na askari wa kawaida alipata kama rupia 20 kwa mwezi, kiasi ambacho mpagazi au kibarua wa shambani hakukifikia. Fedha hizo zilimwezesha kuweka boi wa kumbebea bunduki njiani. Mtu ambaye jana alikuwa kijana asiye na mahari, leo ana watu wanaomwita bwana.

Upande wa Uganda kuna kesi inayoweka jambo hili wazi kuliko nyingine yoyote, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Mwaka 1891 afisa Mwingereza Frederick Lugard aliwachukua Wasudani waliosalia karibu na Ziwa Albert katika kikosi cha Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudani, wakaingia katika utumishi wa Waingereza pamoja na msafara mkubwa wa wake, watoto na wafuasi. Miaka sita baadaye, Septemba 1897, sehemu yao waliasi, uasi ulioanzia Ravine katika nchi ambayo leo ni Kenya, ukaenea hadi ngome ya Luba huko Busoga. Malalamiko yao yalikuwa mishahara midogo iliyocheleweshwa na kulipwa kwa nguo, na vita visivyokwisha. Lakini lililowasha moto ni amri ya kuandamana na Meja Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini huku wanawake wao wakiachwa nyuma. Watu hawa walikuwa wamevumilia risasi, njaa na mshahara wa kejeli. Walichokataa ni kutenganishwa na nyumba zao.

Sasa tuje kwenye vita yenyewe na uchaguzi uliokuwapo. Kijana wa 1916 au 1917 hakuwa anachagua kati ya vita na amani. Aliyebaki kijijini alikuwa windo la kuandikishwa mpagazi. Waingereza pekee walitumia wapagazi wanaokadiriwa kukaribia milioni moja, na makadirio ya wengi ni kwamba karibu laki moja walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na utapiamlo kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Mwaka 1917 huko Kenya, chini ya afisa Mwingereza John Ainsworth, palifanyika msako mkubwa wa kukusanya watu, na vijana walikimbilia mashamba ya walowezi kwa sababu kibarua wa mlowezi alikuwa na nafasi ya kuachwa. Walowezi, kama kawaida yao, walifurahi kupata nguvukazi ya bei rahisi iliyoletwa na hofu.

Katika hali hiyo, kushika bunduki kulikuwa njia ya kuukwepa mzigo. Askari alikula kwanza. Posho yake ilikuwa bora, alikuwa na blanketi, daktari alimtazama, na mpagazi ndiye aliyembebea vitu. Jeshi la King's African Rifles (KAR), ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la Keya, lilianza vita na askari kama 2,300 na kumaliza na zaidi ya 30,000. Wapo waliopelekwa na machifu na maakida kwa nguvu, na hilo halifai kufichwa. Lakini wengi walipiga hesabu. Ukilazimishwa kwenda vitani kwa njia moja au nyingine, chagua upande wa bunduki wenye chakula.

Kwa nini basi wengine walihama upande? Mwaka 1911 Waingereza, kwa kubana matumizi, walivunja Bataliani ya 2 ya KAR iliyojaa watu wa Nyasa. Askari wazoefu wakabaki bila kazi. Baadhi yao walivuka mpaka wakajiandikisha kwa Wajerumani, na vita vilipoanza walijikuta wakiwapiga risasi ndugu zao waliosalia upande wa Mwingereza. Miaka sita baadaye kibao kikageuka: mwaka 1917 Waingereza waliunda Bataliani ya 6 ya KAR, sehemu kubwa kutokana na askari wa Wajerumani waliotekwa au kujisalimisha. Maafisa wa pande zote waliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa, na mimi naona walikuwa sahihi zaidi kuliko wasimulizi wa baadaye. Uaskari ulikuwa ufundi. Fundi aliyefungiwa karakana moja alitafuta nyingine, kwa sababu watu waliomtegemea kwa chakula hawakuwa wameacha kula.

Mtu mmoja aliliona hili kwa upande wa pili, upande wa anayeachwa. Novemba 1914, baada ya vita vya Karonga kuua askari wengi wa Nyasa, Mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times akipinga Waafrika kuitwa kufia jambo lisilowahusu. Alitaja wajane na yatima watakaobaki katika dhiki, na akauliza kwa nini wenye mali wasiende wao. Serikali ilizuia barua hiyo isienee. Januari 1915 Chilembwe aliongoza uasi na akauawa. Hakubishana na wanaojiandikisha kwamba wanakosa uzalendo. Aliwaambia kwamba hesabu ya nyumba wanayoipiga haitatimia. Kwa maelfu, hakukosea.

Lipo jambo ambalo wanaopenda kumwonea askari huruma huliruka, nami sitaliruka. Nyumba ya askari mara nyingi ilijengwa kwa kubomoa nyumba za wengine. Katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala ya nafaka kusini mwa nchi, njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Hata hesabu za Wajerumani wenyewe zilifikia makumi ya maelfu ya waliokufa, na wanahistoria wa baadaye wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Ng'ombe walioporwa waligawiwa. Wanawake waliotekwa waliishia katika nyumba za askari, wengine wakaitwa wake. Kwa hiyo tunaposema askari aliingia jeshini kutafuta heshima na familia, tukumbuke kwamba kijiji cha Wangoni au Wamatumbi ndicho kilicholipa gharama. Mwajiri aliacha mlango wa uporaji wazi kwa sababu ulimpunguzia mzigo wa mshahara. Uporaji ulikuwa sehemu ya mkataba ambayo haikuandikwa.

Na uporaji huo ndio unaosaidia kueleza Abercorn. Jiweke katika hali ya askari aliye Msumbiji katikati ya 1918. Kikosi kinaishi kwa kuchukua chakula cha wanakijiji. Kila mahali kilipopita, watu wanamkumbuka kwa chuki. Akitoroka peke yake, bunduki moja na risasi chache, kati yake na kwao kuna mamia ya maili ya watu wenye kisasi, na nyuma yao mistari ya Waingereza. Akibaki, ana wenzake waliopigana pamoja tangu vita vya Tanga, ana mke anayetembea katika msafara huohuo, pengine na mtoto aliyezaliwa njiani, na kila ghala la Wareno linalotekwa linampa chakula na risasi. Ngomano, Novemba 1917, walipata bunduki, chakula na dawa kwa siku moja. Nhamacurra, Julai 1918, walipata zaidi. Wale ambao hesabu yao iliwaambia waondoke walikuwa wameshaondoka, wengi kabla ya Ruvuma. Wagonjwa na waliochoka waliachwa kwa amri kabla ya kuvuka. Waliofika Abercorn walikuwa mchujo wa mwisho wa watu ambao kombania ndiyo ilikuwa kijiji chao pekee kilichobaki. Ukitaka kuuita huo uaminifu, sawa, lakini walikuwa waaminifu wao kwa wao.

Kuhusu deni la mishahara, kuna kisa kinachopendwa sana. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliosalia. Inasimuliwa kwamba kule Mwanza wengi hawakuwa na karatasi, hivyo mwakilishi wa benki akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani acheze gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea. Kisa kizuri kwa meza ya chakula cha jioni. Mimi huona ndani yake wazee waliosubiri nusu karne kulipwa jasho lao, na kabla ya kulipwa wakafanyiwa mtihani wa ufagio.

Wataalamu wa vita vya Ulaya walifikia mahali karibu na hapa kwa njia nyingine. Mwaka 1948 Edward Shils na Morris Janowitz walichapisha uchambuzi wao kuhusu askari wa Hitler, wakieleza kwamba wengi walishikilia mapambano hata vita iliposhindwa kwa sababu kundi lao dogo, lile la kula na kulala pamoja, lilikuwa bado halijavunjika; itikadi ilikuwa na uzito mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Ni kazi nzuri, ingawa waliofuata waliona wameipunguza mno itikadi. Kwa askari wetu ninaongeza kwamba kundi hilo dogo lilikuwa na wanawake na watoto ndani yake. Utafiti wa Ulaya uliwaweka kando kwa kuwa majeshi ya huko yaliwaacha nyumbani.

Lakini hata anayeachwa nyumbani anaingia kwenye hesabu. Tarehe 4 Julai 2008, katika kasri la Al Faw mjini Baghdad, wanajeshi 1,215 wa Marekani waliapa kwa pamoja kuongeza muda wa utumishi mbele ya Jenerali David Petraeus. Viongozi wao waliusifu uzalendo, na sina sababu ya kusema haukuwapo. Ila kulikuwa pia na utaratibu kwamba bonasi ya askari anayesaini upya akiwa katika eneo la vita haikatwi kodi, na kulikuwa na bima ya afya ya mke na watoto na fedha za masomo. Nchi ambayo raia wake wa kawaida anaweza kufilisika kwa kulazwa hospitali haihitaji kupiga ngoma sana kumshawishi baba mwenye watoto watatu.

Karibu nasi zaidi kuna Burundi. Wanajeshi wake waliingia Somalia Desemba 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipia posho ya dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi, serikali ikikata 200. Kilichobaki kilikuwa mara nyingi ya mshahara wa nyumbani. Baada ya shambulio la Al-Shabaab kwenye kambi ya Leego, Juni 2015, lililoua makumi yao, nafasi ya kwenda Somalia iliendelea kutafutwa. Mwaka 2016 Ulaya ilipogoma kupitishia fedha mikononi mwa serikali ya Bujumbura, askari walikaa miezi mingi bila kulipwa, na bado kikosi kilibaki hadi makubaliano ya kulipa kupitia benki binafsi yalipopatikana mwanzoni mwa 2017. Anayejua bei ya saruji na mabati Bujumbura hahitaji kuuliza dola zile zilikuwa za nini.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama jeshi fulani litapata watu wa kujiandikisha, na kama watasaini tena mwaka wa pili, asianze na hotuba za waziri wa ulinzi. Aulize mjane hulipwa baada ya siku ngapi, nani anamtibu aliyekatwa mguu, na mstaafu anakwenda kuishi wapi. Serikali nyingi hujibu maswali hayo kwa ukarimu wakati wa vita, halafu kumbukumbu zao hufifia.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Waingereza waliwatengea askari wao Wasudani waliostaafu, ambao leo tunawaita Wanubi, ardhi pembeni mwa Nairobi ili wajenge nyumba zao. Ilikuwa zaidi ya ekari 4,000, hawakupewa hati, na tangu hapo eneo lilimegwa mwaka hadi mwaka kwa matumizi ya wengine. Mahali hapo panaitwa Kibera. Juni 2017, zaidi ya miaka mia moja baadaye, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hati ya kumiliki ekari 288.